Tamko la Wapangaji wa Temeke: Kodi ya Nyumba Ilipwe kwa Mwezi



Sisi wapangaji wa Mbagala, Tandika, Buza na mitaa ya jirani tuliojiunga katika chama chetu tumekubaliana kutoa tamko hili. Wengi wetu ni mama lishe, wamachinga, madereva wa bodaboda, vibarua wa ujenzi, walinzi na wafanyakazi wa majumbani. Fedha yetu huingia kwa siku au kwa wiki, na mwenye ajira huipata kila mwisho wa mwezi. Kodi ya chumba, hata hivyo, tunadaiwa miezi sita kwa mkupuo, na baadhi ya nyumba zinataka mwaka mzima, kabla mtu hajaingiza godoro lake. Utaratibu huo unatuumiza, na tunaomba ukome.

Hali ilivyo

Chukueni chumba kimoja cha shilingi 50,000 kwa mwezi, choo cha kuchangia, maji ya kuchota uani. Miezi sita ni shilingi 300,000. Dalali naye anataka kodi ya mwezi mmoja, ndiyo 50,000 nyingine. Jumla ni shilingi 350,000, mbali na hela ya kuonyeshwa vyumba ambayo hairudi hata usipopata chumba. Sasa linganisheni na kipato. Amri ya Mishahara iliyoanza kutumika Januari 2023 ilimwekea mfanyakazi wa nyumbani asiyelala kwa mwajiri kima cha chini cha shilingi 120,000 kwa mwezi. Ili aingie katika chumba hicho, dada huyo angelazimika kutoa karibu mishahara mitatu mizima, asile, asipande daladala, asitume chochote kwa wazazi.

Kwa kuwa hilo haliwezekani, watu hukimbilia mikopo ya kausha damu. Mtu anakopa leo ili asitolewe vyombo nje, kesho anaanza kurejesha kila siku pamoja na riba, na miezi sita ikiisha anakuta deni la kwanza halijakwisha na kodi nyingine imefika. Wapo wenzetu waliouza cherehani, friji au pikipiki, yaani vitendea kazi vilevile vilivyokuwa vikiwaingizia kodi. Wapo waliohama katikati ya muhula na kuwahamisha watoto shule, na wapo kina mama wanaokataliwa vyumba kwa sababu tu wana watoto wengi au hawana mume.

Tunataka pia kulisemea suala la LUKU. Tangu Agosti 2021 kodi ya majengo inakatwa kupitia umeme. Kwa nyumba ya kawaida ilianza kwa shilingi 1,000 kwa mwezi, na mwaka 2023 ikapanda hadi 1,500, yaani shilingi 18,000 kwa mwaka. Kodi hiyo ni ya mwenye jengo, lakini anayenunua umeme ni mpangaji. Katika nyumba ya vyumba vinane yenye mita moja, mwezi ukianza, mwenye zamu ya kununua anaweka hela yake na kukuta 1,500 imekatwa kabla hajapata uniti. Serikali ilieleza tangu mwanzo kwamba mpangaji na mwenye nyumba wakubaliane namna ya kurudishiana. Makubaliano hayo hatuyaoni mitaani. Anayeulizia hela yake huambiwa kama hataki ahame.

Tulikotoka

Nchi hii haikuanza jana kushughulika na makazi ya wanyonge. Shirika la Nyumba la Taifa liliundwa mwaka 1962, mara tu baada ya Uhuru. Mwaka 1984 Bunge lilitunga sheria ya udhibiti wa kodi za nyumba, iliyokuwa na mabaraza yake ya kusikiliza mashauri ya kodi. Sheria hiyo ilifutwa mwaka 2005, ikielezwa kwamba inawakatisha tamaa wawekezaji wa nyumba. Hatubishi kwamba ilikuwa na kasoro. Lakini ilipoondolewa, hakuna sheria nyingine mahsusi iliyotungwa kumlinda mpangaji wa chumba dhidi ya malipo ya mkupuo. Tulichobakiwa nacho ni Sheria ya Ardhi ya 1999, ambayo inampa mpangaji haki ya kukaa kwa utulivu katika kipindi alichokilipia, na inamtaka mwenye nyumba afuate utaratibu wa notisi kabla ya kuvunja upangaji. Sheria hiyo haisemi kodi ichukuliwe ya miezi mingapi. Hapo ndipo mwenye nguvu anapoamua peke yake.

Wanaosema kodi ya mwezi haiwezekani tunawaomba watazame Shirika la Nyumba la Taifa lenyewe, ambalo wapangaji wake hulipa kwa mwezi. Watazame na majirani zetu wa Nairobi na Mombasa, ambako mpangaji wa kawaida hulipa mwezi mmoja pamoja na amana, akaingia ndani. Na wanaosema Serikali haiwezi kuwajengea watu wa hali ya chini, tunawakumbusha Magomeni Kota: kaya 644 zilizovunjiwa nyumba zao za zamani zilisubiri miaka mingi zikipanga huku na kule, na hatimaye majengo mapya ya ghorofa yalizinduliwa Machi 2022. Kumbe inawezekana. Tunachoomba ni kwamba isichukue muongo mzima, na isiishie Magomeni.

Kuhusu wenye nyumba

Hatukuja kugombana na wenye nyumba. Wengi wao ni watu wa hali yetu, wamejenga kidogo kidogo, tofali kwa tofali, bila mkopo wa benki. Baba mwenye nyumba anapochukua miezi sita, mara nyingi ananunua bati za chumba cha nyuma au analipa ada ya mtoto. Tunalielewa hilo. Tunaelewa pia hofu yake ya mpangaji anayetoroka usiku na deni la umeme na maji. Hofu hiyo ina tiba: amana ya mwezi mmoja, mkataba wa maandishi, na barua ya utambulisho kutoka serikali ya mtaa alikotoka mpangaji. Kinachotuuma ni kufuli linalowekwa mlangoni ukiwa kazini, mlango unaong'olewa, au bati zinazoezuliwa mvua ikinyesha ili uondoke mwenyewe. Vitendo hivyo si njia halali ya kudai kodi, hata pale mpangaji anapokuwa na deni la kweli.

Madai yetu

1. Wizara ya Ardhi, Nyumba na Maendeleo ya Makazi ipeleke bungeni sheria ya upangaji wa nyumba za kuishi, itakayoweka malipo kuwa ya mwezi na amana isiyozidi kodi ya mwezi mmoja. Hatuombi Serikali ipange bei ya kila chumba. Tunaomba ipange utaratibu wa kulipa.

2. Sheria hiyo iwatambue na kuwasajili madalali, iweke ukomo wa ada yao, na ipige marufuku hela ya kuonyeshwa vyumba.

3. Kodi ya majengo inayokatwa kwenye LUKU ipunguzwe moja kwa moja katika kodi ya chumba, na jambo hilo liandikwe katika kila mkataba.

4. Halmashauri zianzishe mfuko wa amana ya makazi. Mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani, inayogawanywa 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu, ni ya biashara. Mpango wa TASAF unasaidia kaya maskini katika chakula, shule na kliniki. Kodi ya nyumba haina fungu lake popote, ilhali kaya ikitolewa nje hata hayo mengine huharibika.

5. Ofisi za serikali za mitaa zitunze nakala ya mkataba wa kila mpangaji, bila kumtoza fedha ya muhuri.

Kwa wapangaji wenzetu

Wakati tunasubiri sheria, tusikunje mikono. Usilipe kodi mkononi bila risiti. Lipa kwa simu, na ujumbe wa muamala usiufute. Ukiona kodi itakushinda, mweleze mwenye nyumba mapema, kabla tarehe haijapita, na mkiafikiana kulipa kidogo kidogo, liandikeni. Ukipewa notisi, isome tarehe yake na uipeleke kwa mwenyekiti wa mtaa siku hiyo hiyo. Mgogoro ukishindikana, Baraza la Kata lina kazi ya kusuluhisha, na usuluhishi ukikwama shauri huenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Asiye na fedha ya wakili asikate tamaa: Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 inawatambua wasaidizi wa kisheria, na Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu pamoja na Kituo cha Msaada wa Sheria kwa Wanawake hutoa ushauri kwa wasio na uwezo. Na kwenye vikoba vyetu, tuweke fungu la kodi kama tunavyoweka la msiba. Mwenzetu akikwama, akope kwetu kabla hajaifuata kausha damu.

Hitimisho

Jiji la Dar es Salaam lilihesabiwa kuwa na watu zaidi ya milioni 5.3 katika Sensa ya 2022. Wanaolipikia, wanaolifagia, wanaolilinda usiku na kulijengea maghorofa ni wapangaji wa vyumba. Hatuombi kukaa bure. Tunaomba kulipa kwa kadiri fedha inavyotufikia, mwezi kwa mwezi, na kulala bila hofu ya kufuli. Tunaiomba Wizara itukaribishe mezani pamoja na wawakilishi wa wenye nyumba, kabla muswada haujaandikwa, kwa sababu sheria ya upangaji isiyomsikiliza mpangaji itarudia makosa yale yale. Sisi tuko tayari wakati wowote.

Imetolewa na Kamati ya Uongozi, kwa niaba ya wanachama,
Temeke, Dar es Salaam.