Mzigo Ukae Bega Lipi
Wajukuu wananicheka: mzee wa zaidi ya miaka sabini ahame Chrome kwenda Firefox ya nini, ati vivinjari vyote ni vilevile? Si kweli hata kidogo! Mpagazi wa Kinyamwezi aliyetoka hapa Tabora na pembe ya ndovu hadi Bagamoyo alijua mwenyewe mzigo ukae bega lipi. Chrome ilinipa zaidi rangi za kuchagua, nami jicho langu la kushoto halioni. Katika Firefox naburuta vitufe ninavyovihitaji hadi upande wa kulia, nisivyovitumia naviondoa. Hata hivyo siisifu mno. Mwaka 2017 toleo lake la 57 lilikataa viongezi vya zamani, na waliovizoea wakaachwa njiani. Nani aliwauliza?