Mgonjwa si Kizibo

Liko jina moja baya katika hospitali za Uingereza. Mgonjwa, aghalabu mzee, ambaye daktari amekwisha kumtibu lakini hana mahali pa kupelekwa kutunzwa, huitwa mzibaji wa kitanda. Jina hilo ni dhuluma. Mzee huyo hakumzuia mtu, amezuiwa yeye. Tiba ya hospitali hulipwa na hazina ya serikali. Matunzo ya baadaye hutoka katika mfuko wa halmashauri, au katika akiba ya mzee mwenyewe baada ya mali yake kukadiriwa. Kati ya mifuko miwili hiyo mzee hulala akingoja, na lawama humwangukia yeye.

Korona ilipoingia mwaka wa 2020, jina lilizaa tendo. Tarehe 17 Machi hospitali ziliamriwa kuwatoa kwa haraka wote ambao tiba yao ilikuwa imekwisha, kwa matumaini ya kupata vitanda vipatavyo 15,000. Serikali ikatenga paundi bilioni 1.3 kwa kazi hiyo. Mlango uliokuwa mgumu miaka na miaka ukafunguka kwa siku chache! Basi ni nani aliyekuwa ameuziba?

Hata kufika 15 Aprili, watu wapatao 25,000 walikuwa wamehamishwa kutoka hospitali kwenda makao ya matunzo, na wengi hawakupimwa. Waraka wa tarehe 2 Aprili ulisema wazi kwamba kupimwa na kuonekana salama si sharti la kupokelewa. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Katika makao hayo mkono mmoja humwosha mzee huyu, humlisha yule, kisha humgeuza wa chumba cha tatu. Aliyeingia bila kikohozi wala homa alipokewa kama mtu mzima, na mkono ukaendelea na mzunguko wake.

Watetezi husema vipimo vilikuwa haba, na hospitali za Lombardy zilikuwa zimefurika. Ni kweli. Walakini kumtenga mgeni siku 14 hakuhitaji kipimo. Mji wa Ragusa uliwatenga wageni wake mwaka wa 1377, wala haukuwa na darubini. Kulihitaji chumba, watumishi, na serikali ya kusema neno hilo mapema. Husema pia kwamba hapana aliyejua. Mshauri mkuu wa sayansi wa serikali alikuwa amekwisha kuigusia hatari ya wasio na dalili tangu 13 Machi. Tarehe 27 Aprili 2022 Mahakama Kuu iliamua kwamba nyaraka za Machi na Aprili zilikuwa kinyume cha sheria, kwa kuwa hatari hiyo haikuzingatiwa. Haikulaumu kutolewa kwa wagonjwa. Ililaumu kutoshauri kwamba watengwe.

Utetezi wa mwisho ni wa hesabu: kwamba ni sehemu ndogo tu ya milipuko ya makao iliyotokana na wagonjwa wa hospitali. Hesabu gani hiyo, ya watu ambao wengi wao hawakupimwa?

Mnamo Januari 2023 watu wapatao 14,000 walikuwa wakilala hospitalini kila siku, wamepona kiasi cha kutoka, hawana pa kwenda. Baadhi ya magazeti yakawaita kwa jina lilelile.