JANA ILIBEBA KWA BAHATI



Mwezi uliopita mwenzetu mmoja, mfungaji mizigo bandarini, alikataa kufunga mzigo wa vyuma. Slingi aliyopewa haikuwa na kibati, na nyaya zake kadhaa zilikuwa zimekatika. Mnyapara akamwuliza, "Jana ilibeba, leo kwa nini isibebe?" Naye akajibu, "Jana ilibeba kwa bahati." Alirudishwa nyumbani bila mshahara wa siku ile. Wako wanachama waliomcheka. Sisi hatumcheki.

Kibati kile si pambo. Ndicho kinachosema slingi yaweza kubeba tani ngapi. Pasipo kibati hakuna ajuaye, si mnyapara wala dereva wa kreni. Na hata kikiwapo, hesabu bado ipo. Watu wawili wakichukua ndoo ya maji huku wamekaribiana, mikono haiumi sana. Wakiachana, mikono huvutwa mno, ingawa maji ni yale yale. Slingi nayo ni vivyo hivyo. Miguu yake miwili ikisimama wima, mzigo wa tani 2 hugawanyika, kila mguu tani 1. Ikitanuliwa hata pembe ya pale kwenye kulabu ifike digrii 120, kila mguu huvutwa kwa tani 2 kamili. Mzigo haukuongezeka, aliyefunga ndiye aliyeuongeza.

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 yataka minyororo, kamba na vifaa vya kuinulia vikaguliwe na mtu aliyeidhinishwa, angalau mara moja kila miezi 6. Tena yasema kuwa mfanya kazi akiona hatari kubwa ni lazima amwarifu msimamizi wake, na mwajiri hana ruhusa kumrudisha mahali pale mpaka hatari iondolewe. Anayeondoka penye hatari ya namna hiyo, akiwa na sababu ya haki, hafukuzwi wala haadhibiwi. Kwa hiyo mwenzetu hakuleta ukaidi, alitimiza sheria. Chama kimekwisha dai mshahara wake wa siku ile, na hatutanyamaza mpaka alipwe.

Lakini tusiwalaumu waajiri peke yao. Ni nani anayepita chini ya mzigo kwa kuwa njia ni fupi? Ni nani anayefunga fundo kwenye mnyororo ili upungue urefu? Ni nani anayedandia kulabu ili apandishwe juu? Ni sisi wenyewe. Tena watu watatu hupunga mikono kwa pamoja, dereva asijue amtii yupi. Mtoa ishara awe mmoja tu. Ila ishara ya kusimama yaweza kutolewa na mtu ye yote, hata kibarua aliyeanza kazi leo asubuhi, na dereva hana budi kuitii.

Twawaomba ninyi nyote, kabla ya kuinua, tazameni kibati, kulabu na nyaya. Kilicho kibovu kiwekwe kando, na mjumbe wa chama aarifiwe siku ile ile. Mtu mmoja akikataa peke yake hurudishwa nyumbani. Gangi nzima ikikataa, slingi ndiyo itakayorudishwa.

Umoja ni nguvu.