Tutazame Juu Kabla ya Kushika Shoka

Wako wananchi wengi wanaodhani kuwa ndege wa kutazamwa wamo katika mbuga za hifadhi tu, na kwamba kuwatazama ni kazi ya wageni wenye magari na darubini. Dhana hiyo si kweli. Uganda yetu, iliyomweka korongo mwenye taji katika bendera yake tangu 1962, ina ndege wa aina zaidi ya 1,000, na wengi wao ni majirani zetu.

Atakaye ushahidi na aende Entebbe, atembee kwa miguu asubuhi na mapema katika mitaa ya makazi iliyo karibu na Bustani ya Mimea, ambayo ilianzishwa mwaka 1898. Asiende mbio. Akishukiwa kwa kuchungulia juu ya ua za watu, amsalimu bawabu na kumweleza anachokitafuta. Huenda bawabu huyo ndiye ajuaye zaidi. Penye mtuba uliozaa, mti uleule utupao nguo ya lubugo, asimame. Atasikia uvumi wa mabawa mazito kabla ya kumwona hondohondo, mweusi kwa mweupe, mwenye pembe juu ya mdomo. Juu zaidi watapita kasuku wa kijivu wenye mikia myekundu, wakipiga miluzi.

Ndege hao wawili wana haja moja: shimo katika mti mkubwa, mzee. Hondohondo jike hujifungia humo, mlango ukazibwa kwa udongo anaouleta dume, ukabaki ufa mwembamba tu. Kwa ufa huo dume humlisha mkewe, kisha na kinda, kwa muda wa miezi kadhaa. Naye kasuku, ambaye mataifa yalikubaliana mwaka 2016 kupiga marufuku biashara yake ya kimataifa, hana faida ya ulinzi huo ikiwa hana pa kutagia.

Hapo ndipo penye kosa letu. Mtu akipata kiwanja, jambo la kwanza ni kufyeka kila kilichosimama. Husema atapanda mti mwingine. Kupanda ni jambo jema, lakini mche wa leo hautakuwa na shimo la kumfaa hondohondo katika umri wa aliyeupanda. Mti unaotishia kuangukia nyumba ukatwe, hatubishi. Wenye tawi moja bovu upunguzwe tawi hilo.

Ushauri wetu ni mwepesi. Kabla ya kukata mti mzee, mwenye kiwanja auzunguke kwa asubuhi chache na atazame juu. Walimu nao wawatembeze wanafunzi mitaani mwao. Safari hiyo haihitaji petroli. Mtoto aliyemwona dume akilisha kwa ufa wa udongo hatakuwa mwepesi wa kushika shoka atakapokuwa na kiwanja chake.