Jarida la Ukoo Lisomeke Hata Bila Picha

Koo zetu nyingi zilizotawanyika sasa zina jarida lao la barua pepe: nani kaoa, nani kajifungua, nani katangulia mbele ya haki, hitima itasomwa wapi. Kijana wa Maskati au Dubai hulitengeneza kwenye kompyuta, likapendeza kweli, akalituma kwa jamaa Unguja, Mombasa na London. Likifika huko, picha zimekuwa visanduku vitupu na mistari imepandana. Bibi akiuliza, anaambiwa hajui kutumia simu.

Jamani, bibi hana kosa. Kosa ni la utumaji.

Barua pepe si karatasi. Ukurasa uliopigwa chapa huwa ule ule popote uendapo, lakini barua pepe hupangwa upya na programu ya anayeipokea. Outlook ya kawaida ya Windows, tangu ile ya mwaka 2007, huionyesha barua kwa mtambo wa Word, na Gmail ina njia yake. Gmail pia hukata barua ambayo maandishi yake pamoja na amri za mpangilio yamezidi takriban KB 102. Kisha programu nyingi huzuia picha zinazovutwa kutoka kwenye tovuti mpaka mpokeaji akubali, kwa sababu picha kama hiyo inaweza kumwarifu mtumaji kuwa barua imefunguliwa.

Vijana wameyaona haya, wakapata dawa: jarida zima wanaligeuza picha moja. Hapo ndipo nisipokubaliana nao. Picha hiyo ikizuiwa, hakibaki kitu. Ikifunguka kwenye simu, herufi ni kama sisimizi. Asiyeona vizuri, anayesomewa na simu yake, hatasikia neno. Na tanzia ikiwa humo ndani, mtu atapitwa na hitima ya ami yake bila kujua. Kwetu sisi kutokwenda hitima ni neno zito, na kuna ugomvi wa ukoo ulioanza kwa dogo kuliko hilo.

Wengine watasema tuachane na barua pepe, tutumie WhatsApp. Lakini huko tangazo la asubuhi hufunikwa na salamu hamsini kabla ya adhuhuri. Barua pepe hukaa, na mwakani ukiitafuta kwa jina unaipata, madhali jina limeandikwa kwa maneno.

Basi naona njia ni hii. Kila habari ya lazima, yaani nani, wapi, siku gani na saa ngapi, iandikwe kwa maneno ndani ya barua yenyewe, kwa safu moja tu, si mbili tatu kama gazeti. Picha ziwe chache, zipunguzwe ukubwa, na ziwekwe kwa kitufe cha picha cha barua pepe. Kunakili kutoka Word mara nyingine hubakisha anuani tu ya faili iliyo ndani ya kompyuta yako, ambayo mwenzio hawezi kuifikia. Chini ya kila picha andika ni ya nani.

Mapambo nayo yasitupwe. Jarida lenye rangi na mpangilio wake lifanywe PDF, liambatishwe. PDF iliyotengenezwa sawasawa hubeba herufi na picha zake humo humo, na atakaye kupiga chapa atapiga. Ila lisiwe zito: Gmail kwa kawaida haitumi kiambatisho cha zaidi ya MB 25, na hata MB kumi ni mzigo kwa anayenunua intaneti kidogo kidogo.

Sisi tuliosomesha tunajua kuwa ubao wa rangi nyingi usiosomeka kutoka nyuma ya darasa haukumfunza mtu. Toleo lijalo, jitumie mwenyewe kwanza. Zima picha, ufungue kwenye simu ndogo kuliko zote nyumbani, kisha mpe mama asome. Akikwambia hitima ni lini na kwa nani, watumie wengine.