Tusiwasanifishe Wazee Wetu

Aghalabu sisi wanafunzi wa fasihi simulizi tutumwapo nyanjani hurejea na methali, vitendawili na ngano. Masimulizi ya kazi huwa nadra, na hata hayo machache huyaharibu kwa kuyasahihisha. Nakiri kuwa mimi ni miongoni mwa wakosaji.

Mwaka 1942 babu yangu alikuwa na umri wa miaka 13, mtoto wa skwota katika shamba la mlowezi karibu na Molo. Asubuhi alisoma, mchana, akitoka shuleni, alichukua kiondo akaenda kuchuma pareto hadi jioni. Karani aliyapima maua kwenye mizani, na ujira ulikuwa senti chache kwa ratili. Japani, iliyoongoza kwa zao hilo kabla ya vita, ilikuwa imeingia vitani dhidi ya Uingereza na Marekani mwezi Desemba 1941. Majeshi ya nchi hizo yalihitaji dawa ya kuulia mbu na chawa, na pareto ya Kenya ikategemewa mno.

Babu alinisimulia haya kwa Kisetla, yaani Kiswahili cha mashamba ya walowezi. Alisema: "Sisi nachuma maua, maua nakwenda vita." Katika ripoti yangu niliandika: "Tulichuma maua yaliyopelekwa vitani." Nilipata alama nzuri. Daftari la awali nililitupa, na babu amekwisha kufariki. Sentensi hiyo moja tu ndiyo ninayoikumbuka kama alivyoitamka.

Wapo watakaodai kwamba kuchapisha Kisetla ni kuwadhalilisha wazee. Sikubaliani nao. Hiyo ndiyo lugha ambayo nyapara alimwamrisha kwayo, na ambayo yeye alijibu kwayo. Mtu akiiondoa, huwa ameuondoa ushahidi wa jinsi shamba lile lilivyoendeshwa. Kiswahili sanifu kina heshima yake darasani, lakini hakikuwapo pale mizanini.

Waliokuwa vijana wakati ule sasa wamepita miaka 90. Basi wenzangu wa Njoro, Nakuru na kwingineko, twendeni tukawasikilize. Tunukuu neno kwa neno, kisha tafsiri ya Kiswahili sanifu iandikwe kando, wala isichukue nafasi ya maneno yao. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni.