Wakiiba Kura, Tuingie Bungeni?



Wakati wa chai twasikia neno moja likirudiwa na vijana wetu wa genge, hasa wale waliotoka kwetu Kisii na Nyamira. Wasema: "Mwaka 2027 wakiiba kura, tutaingia Bungeni kama mwaka 2024." Wengine husema kwa kucheka, lakini wengine hawacheki. Twaona yafaa neno hili lijibiwe humu mapema, kabla ya tarehe 10 Agosti 2027, ambayo ndiyo siku ya kura.

Kwanza, hatuko pamoja na wale wanaowaita vijana wa 2024 wahuni. Tarehe 25 Juni mwaka ule watu waliingia Bunge la Nairobi kwa ajili ya Mswada wa Fedha, ambao wabunge 195 waliukubali na 106 waliukataa. Kodi zilikuwa zimekwisha panda, na mshahara ni ule ule. Watu walipigwa risasi wakafa. Kesho yake Rais Ruto akasema hatautia sahihi. Ndiyo maana kijana hutuuliza: je, mlango haukuvunjwa, na mswada haukuanguka?

Ni kweli ulianguka. Lakini mswada hungoja kalamu ya mtu mmoja, naye akiogopa huweza kuuacha. Kura ni karatasi mamilioni. Zikisha vurugwa, hata umtishe nani, hawezi kuzirudisha zilivyokuwa. Jambo hili sisi watu wa Gusii tulifundishwa kwa moto.

Mwaka 2007 kura zilipigwa tarehe 27 Desemba. Tarehe 30, baada ya kelele nyingi pale KICC, Bwana Samuel Kivuitu wa Tume ya Uchaguzi aliingia chumbani akasoma matokeo mbele ya KBC peke yake: Bwana Kibaki ameshinda, Bwana Raila ameshindwa. Jioni ile ile kiapo kikaliwa Ikulu. Mwaka uliofuata Tume ya Jaji Kriegler ilichunguza, ikasema hesabu imeharibika hata haiwezekani kujua nani alishinda. Fikirini hilo, ndugu zangu. Watu zaidi ya 1,100 walikufa, na jibu halikupatikana.

Wakati ule wengine wetu tulikuwa bado watoto wa shule ya misheni. Jengo la Bunge halikuvunjwa, lakini wabunge wawili waliuawa. Tarehe 29 Januari 2008 Bwana Mugabe Were wa Embakasi alipigwa risasi karibu na mlango wa nyumba yake. Tarehe 31 Bwana David Kimutai Too wa Ainamoi alipigwa risasi mjini Eldoret na askari wa trafiki. Polisi walisema ni mambo ya mapenzi. Chama chake kikakataa. Lakini nani alingoja kusikiliza? Habari zilienea kwamba askari yule ni Mgusii, na ikawa basi. Katika mpaka wa Borabu na Sotik, ambako tayari watu walikuwa wakifukuzana, mishale ikaruka tena na nyumba zikachomwa. Pale Chebilat Mgusii na Mkipsigis walikuwa wakiuziana mahindi na ndizi bila kuulizana kabila, na pale pale ndipo walipopigana. Mama mwenye nyumba ya nyasi Borabu hakuhesabu kura ya mtu yeyote. Waliozivuruga hesabu huko Nairobi hawakuchomewa hata banda la kuku.

Kwetu Kisii na Nyamira mpaka leo hakuna reli, lakini mkate wetu sisi tunaoandika haya watoka relini. Mwezi ule ule wa Januari vijana waling'oa reli Kibera. Mabehewa ya kwenda Uganda hayakupita, na huko Uganda petroli ikaadimika. Reli iking'olewa, hakuna waziri anayeinama kufunga mataruma upya. Huinama mtu wa genge, na siku ambazo gari halikutembea yeye ndiye huulizwa kwanza kama kazi yake ingali inahitajika.

Jambo moja la siku zile halisemwi sana. Tarehe 15 Januari 2008, nchi ikiwaka, wabunge walikutana kumchagua Spika. Walipiga kura mara tatu, kila upande ukitazama mkono wa mwenziwe. Bwana Kenneth Marende akapata 105 na Bwana Kaparo 101. Tofauti ilikuwa kura nne tu, katika wakati kama ule, na aliyeshindwa akakubali, kwa sababu kila mtu aliona.

Hata Marekani wameonja. Tarehe 6 Januari 2021 watu wa Bwana Trump walivunja madirisha ya Capitol ili kuzuia kura kuthibitishwa. Madai yao yalikuwa yamekwisha tupwa na mahakama zaidi ya mara sitini. Usiku ule ule wabunge walirudi wakamaliza kazi, na Bwana Biden akawa Rais. Mwaka 2025 Bwana Trump, aliporudi, aliwasamehe watu kama 1,500. Sisi hatuna tajiri wa kutusamehe namna hiyo.

Nasi tusijifanye watakatifu. Miaka michache iliyopita, katika tawi moja ambalo hatulitaji, kura za chama zilihesabiwa ofisini, mlango umefungwa. Sisi tulikuwa nje tukiupiga mateke. Kioo kilivunjika, mwenzetu akakatwa mkono. Dereva mmoja mzee akasema, leteni sanduku nje, liwekwe juu ya benchi, kila karatasi isomwe kwa sauti. Mtu wetu alishindwa kwa kura tisa. Tuliumia sana, lakini hakuna aliyeinua mguu tena.

Sasa sheria yatusaidia kuliko mwaka 2007. Mwaka 2017 Mahakama ya Rufani ilisema matokeo ya kituo ndiyo ya mwisho, na tarehe 1 Septemba mwaka ule ule Mahakama ya Juu ilifuta kura ya Rais. Mwaka 2022 kulikuwa na vituo 46,229, na fomu 34A za vituo ziliwekwa wazi zisomwe na kila mtu. Fomu hiyo hubandikwa mlangoni pa kituo. Kijana aliye tayari kwenda kufa Bungeni, je, hawezi kukesha karibu na shule ya kwao Borabu au Nyaribari mpaka fomu ibandikwe, akainakili? Anayetaka kuwa wakala akitafute chama chake sasa, asingoje Julai.

Nasi tumemwomba katibu wa tawi apeleke kwa wakubwa ombi la zamu, ili wenzetu wanaopigia kura nyumbani wapewe siku mbili, yaani siku ya kupiga na siku ya kuhesabu. Jibu bado halijaja. Tutauliza tena mkutanoni.